Nyumba za Mji Mkongwe zinataka chokaa, si saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya matengenezo yanayoendelea Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukipita Shangani, Kiponda, Hurumzi au Malindi siku hizi, hukosi kukuta majukwaa ya mafundi. Nyumba zilizokaa miaka mingi bila kuguswa zinafunguliwa, nyingine kwa ajili ya wageni, nyingine wenyewe wanarudi kukaa. Ni jambo la kushukuru. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini kabla ya yote ni mji wa watu, wenye misikiti, madrasa na mabaraza, na soko la Darajani hapo karibu.

Kinachosikitisha ni kwamba kazi nyingi zinaanzia usoni mwa nyumba. Ukuta unapigwa lipu ya saruji, unapakwa rangi ya plastiki, mlango unasuguliwa mpaka unang'ara. Baada ya masika mbili lipu inafura kuanzia chini, chumvi nyeupe inachomoza, kisha vipande vinabanduka. Mwenye nyumba analalamika kuwa fundi ameiba saruji. Fundi wa pili anaitwa, anaongeza mifuko, na hali inazidi kuwa mbaya.

Sababu imo ndani ya ukuta wenyewe. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Chini hakuna tabaka la kuzuia maji kama tunavyoweka kwenye nyumba za matofali. Ukuta unafyonza unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha unautoa kupitia chokaa, na hivyo ndivyo umedumu. Ukiufunga kwa saruji, unyevu haukomi kuingia. Unakosa pa kutokea tu. Unapanda juu zaidi huku umebeba chumvi. Chumvi hiyo ikikauka nyuma ya lipu inaganda, inatanuka na kuisukuma nje.

Hasara kubwa zaidi haionekani barabarani. Dari na sakafu zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu, ulifuata urefu wa boriti zilizopatikana. Boriti haianzi kuoza katikati, inaoza kwenye ncha iliyozikwa ukutani, pale unyevu uliofungiwa unapokaa. Kwa hiyo dari inaweza kuonekana nzima, imepakwa rangi vizuri, na ncha zake zimekwisha.

Anayetaka kununua au kupangisha nyumba ya namna hii achukue bisibisi ndefu na tochi. Apime kila boriti pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikizama bila kulazimishwa, boriti hiyo imekufa. Agonge pia kwa nyundo ndogo: boriti nzima hulia kavu, iliyooza sauti yake ni bubu. Aangalie hasa chini ya vyoo vya ghorofani, maana nyumba nyingi zilijengwa bila vyoo huko juu na vikaja kuongezwa baadaye, bomba likapita juu ya boriti na kuvuja miaka bila mtu kujua. Matone ya viyoyozi yanayoteremka ukutani ni adui mwingine. Na matangi! Lita 1,000 za maji ni uzito wa tani nzima, kabla hujahesabu tangi lenyewe na mnara wake. Tangi likae juu ya ukuta mnene, pembeni zinapokutana kuta mbili, kamwe lisikae katikati ya dari.

Kazi yenyewe ianzie juu. Kabla ya mwiko kugusa ukuta, paa lizibwe, gata (mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa) ziwekwe, na mabomba ya kuteremshia maji yafike mpaka kwenye mtaro. Nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la chokaa iliyopondwa, baadaye zikaezekwa bati juu yake bila gata, na maji yote yanamwagikia ukuta wa jirani, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba. Gata zisafishwe mwezi wa Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Jani moja la mkungu likiziba mdomo wa bomba, maji ya mvua moja yanaloweka ukuta kwa wiki kadhaa.

Kisha saruji ya zamani itolewe kwa tindo na nyundo nyepesi, kuanzia juu kwenda chini. Mashine ya kutoboa inatikisa mawe na kuyalegeza. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ukuta uachwe wazi wiki kadhaa upumue.

Chokaa itakayotumika iwe imezimwa, yaani imetiwa maji ikachemka na kulainika, kisha ilale chini ya maji wiki tatu kwa uchache, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Anayezima avae miwani na glavu, kwa kuwa inachemka na ikiruka inaunguza macho. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Hata wa shamba upimwe: tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshwe kwanza. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Ukizidisha chokaa, lipu itapasuka.

Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na la pili lingoje kama wiki. Chokaa inakazwa na hewa, polepole, kwa hiyo ikikaushwa na jua la kaskazi siku ya kwanza inabaki vumbi. Itundikiwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Mwisho ukuta upakwe chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki juu ya lipu ya chokaa inaharibu kazi yote ya nyuma.

Wapo mafundi wanaotia karai la saruji kwenye chokaa "ili iwahi". Nawasihi waache. Lipu hiyo haipumui vya kutosha na haina nguvu ya saruji kamili.

Najua kinachowasukuma. Mwenye mradi ana mkopo na tarehe ya kufungua, na chokaa haiendi kwa tarehe. Upande wa pili kuna nyumba za serikali na za wakfu zenye familia nne au tano, ambako kila mmoja ana chumba chake na hakuna mwenye paa. Wa chini halowi, wa juu hana uwezo peke yake. Nyumba kama hizo zinahitaji mapatano ya maandishi: mchango wa paa kila mwezi, hata mdogo, na mtu mmoja wa kushika fedha na kusimamia gata. Sehemu ya Beit al Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 2020, wote tuliona. Nyumba za wapangaji hazina jina kama lile, lakini zina watoto wanaolala chini ya boriti hizo hizo.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya matengenezo ni hili: fomu isiishie kwenye michoro, madirisha na milango. Imtake mwombaji aandike lipu itakuwa ya nini, maji ya paa yatatokea wapi, na tangi litakaa juu ya ukuta gani, na mkaguzi afike kabla lipu haijafunika mawe. Na vijana wanaosomea uashi wafundishwe kuzima chokaa kwa mikono yao, angali wapo wazee wa kuwaonesha.

Fundi uashi,
Malindi, Zanzibar