Kabula, usiishie kwa yule wa kwanza

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Wabeja kwa hela ya paa. Fundi alikuja jana, amesema ameziba. Sasa tunaisubiri mvua ije imkague.

Juzi kwenye simu, nilipokuuliza kuhusu tiba ya ule wasiwasi wako, ulisema, "Mama, nimejaribu, haijanisaidia, basi." Nikakujibu sawa mama, tukahamia harusi ya Doto. Lakini neno lako limenikalia siku tatu, na kwa kuwa kwenye simu una tabia ya kunikatiza, ya baba yako hiyo, nimeona niandike.

Ulijaribu nini hasa? Ninavyoelewa, ulijisajili kwenye programu ya Marekani, mashine ikakuchagulia mwanasaikolojia, mkaonana mara mbili kwa Kiingereza, ukamwacha. Huyo ni mtu mmoja, tena hukumchagua wewe.

Kuna jambo sijakuambia. Zile Jumanne zote ulizokuwa ukipiga saa kumi na moja sipokei, sikuwa sokoni. Nilikuwa chumbani, mlango nimeufunga, redio naiwasha sebuleni ili Shija asisikie, nazungumza kwa simu na mwanasaikolojia. Ndiyo, mama yako.

Unajua mjomba wako Masanja alikuwemo ndani ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Usichojua ni kwamba tangu tulipomzika pale Igoma sikuwahi kukanyaga kivuko nikiwa na akili zangu zote. Kwenda Nansio, kule kisiwani Ukerewe kwa bibi yako, nilikuwa nazunguka Bunda hadi Kisorya ili maji ya kuvuka yawe mafupi, na hayo mafupi yenyewe nayavuka nimefumba macho, rozari nimeiviringa mkononi mpaka vidole vinakufa ganzi. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara ikaondoka na watu zaidi ya 220, nikaacha kabisa. Bibi yako akaugua, akafa, akazikwa, mimi niko hapa Kirumba. Ninyi niliwaambia ni presha.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita tatu na ushee juu ya ziwa, nikawa naenda Sengerema kwa basi kama watu wengine. Majirani wakasema mama Kabula amepona. Wapi! Nilikuwa nimepata kisingizio cha zege.

Aliyenibana ni binamu yako muuguzi. Kwanza alinipeleka nikapimwa moyo, damu na tezi ya shingo, maana hayo yote yanaweza kuleta mapigo ya mbio, na wewe namshukuru Mungu umeshapimwa. Vipimo vilipotoka safi akasema, shangazi, tafuta mtu wa tiba ya fikra na tabia, ile wenyewe wanayoiita CBT. Na kama huku hupati nafasi, wapo wanaoifanya kwa simu.

Wa kwanza alikuwa kijana mpole kama maji ya mtungi. Kila nikisema jambo, "naelewa mama, pole sana." Vikao vinne. Nilikuwa natoka mwepesi, kama mtu aliyelia akashiba, kesho yake niko palepale. Sisemi alikuwa mbaya. Mfiwa wa wiki iliyopita angemfaa. Ila hakuwahi kuniuliza kati ya Jumanne na Jumanne nafanya nini.

Wa pili alikuwa msomi. Alinitumia kurasa kumi na mbili za Kiingereza, akataka nilipie vikao kumi kwa mkupuo, na siku ya pili akaniambia hofu yangu ni uhaba wa imani. Nikakata simu. Shija aliponiuliza mbona nimemaliza mapema nikamwambia bando limeisha.

Hapo nami nilisema kama wewe: nimejaribu, basi. Kilichonirudisha ni dagaa.

Unanijua sokoni Mwaloni. Gunia la dagaa silinunui kwa kuangalia mdomo wa gunia. Pale juu wanaweka wale weupe wa kwenye chanja. Mimi nazamisha mkono hadi kiwiko, nachota wa chini, nawafikicha kiganjani. Wakiacha mchanga, walianikwa chini. Wakinata, hawajakauka, wiki haiishi watavunda. Basi siku moja nimezamisha mkono, mwuzaji ananinunia, nikajiuliza: hawa wanasaikolojia wawili niliwanunuaje? Kwa picha, tabasamu na nyota tano. Mdomo wa gunia.

Wa tatu nilimzamishia mkono. Alikuwa na dakika kumi na tano za kufahamiana bila malipo, nikazitumia zote. Nikamwuliza, mwanangu, CBT umefundishwa wapi, na nani anakukagua kazi yako? Hakununa. Akanitajia shahada yake ya uzamili ya saikolojia tiba pale Muhimbili, akasema kila mwezi anakaa na aliyemtangulia kwenye kazi wanapitia anavyotibu. Nikamwuliza hofu kama yangu anaitibu vipi. Akasema, "Mama, mwisho wake utapanda kivuko. Siyo kesho wala wiki ijayo. Lakini kama huko hutaki kufika, nikuambie mapema usipoteze hela yako."

Nilimkasirikia. Nikamlipa kikao cha kwanza hapohapo.

Akasema tutakutana kama mara kumi na mbili, na baada ya kikao cha nne tutakaa tuone kama kunaenda. Kusipoenda, tubadili njia au anitafutie mwenzake. Akanipa dodoso la maswali saba ya wasiwasi, kila swali unajipa 0 hadi 3, ya juu kabisa ni 21. Nikapata 16. Mwalimu wa hesabu mimi, kwa mara ya kwanza nikaombea maksi zishuke. Halafu akaniuliza nataka niweze kufanya kitu gani ambacho sasa siwezi. Nikasema kufyeka kaburi la mama yangu.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye daftari. Alinisimulia kwamba aliyeianzisha tiba hii ni daktari wa Philadelphia, Aaron Beck, miaka ya 1960. Alikuwa amefundishwa ile njia ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aseme kila linalomjia, akagundua wagonjwa wanalo wazo jingine linalopita chini kwa kasi, fupi, ambalo hata hawalitaji kwa sababu wenyewe hawalioni kama ni wazo. Huyo mzee amefariki 2021 ana miaka 100, kwa hiyo nadhani mawazo yake mwenyewe aliyakagua vizuri.

Basi nikachora safu nne: kilichotokea, wazo lililopita, mwili ulifanyaje, nikafanya nini. Siku ya tatu niko uani nachambua mchele, honi ya meli ikalia bandarini. Nikaacha ungo nikakimbilia daftari. Mwili: tumbo limekaza, mikono ya baridi. Nilifanya nini: niliongeza sauti ya redio. Kwenye safu ya wazo nikakaa, nikakaa, halafu likaja: *hawafiki hao*. Kabula, miaka ishirini na tisa nasikia honi, sikujua kuna neno linapita. Na lilipita kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya bibi yako, vilevile alivyosema asubuhi ile kabla redio haijatangaza.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Yule wako wa Marekani inawezekana ni mzuri sana. Lakini mkubwa wako wa kazi anapokugeukia kwenye kikao cha ofisi na moyo ukaanza kukimbia, wazo linalopita linapita kwa Kiingereza? Mimi nilivyokulea, linapita kwa Kiswahili, tena labda kwa sauti yangu, na kama ni hivyo nisamehe. Ukilitafsiri ili mtu akuelewe, unamletea samaki aliyekwisha kuparwa magamba. Tafuta mtu unayeweza kumwambia "moyo ulinipasuka" asifikirie umepata shambulio la moyo.

Huku kwetu wapo. Akiwa ni daktari wa magonjwa ya akili, mwulize usajili wake wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukimpata Mkenya, na Kiswahili si anacho, kwao wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na bodi inayowasajili, mwombe namba. Ukimpata wa Uingereza, chama chao cha watu wa CBT kinaitwa BABCP, kina orodha ya waliothibitishwa ambayo mtu yeyote anaisoma mtandaoni. Anayekuambia anatibu kila kitu, kuanzia ndoa hadi biashara kudorora, huyo muage salama.

Sasa kuna kutofaa na kuna kuuma, na hivi viwili nilivichanganya hata kwa huyu wa tatu. Wiki ya tano alinituma nikasimame gatini, Kamanga, nitazame magari yakipakiwa, nisiondoke mpaka hofu ianze kushuka yenyewe. Nilisimama nusu saa natetemeka, wapiga debe wananiuliza kama nimeibiwa. Nikarudi nyumbani nimeapa sipokei simu yake tena. Jumanne nikapokea ili nimwambie hivyo tu. Akanisikiliza, akasema asante kwa kuniambia, nilikupandisha ngazi mbili kwa mpigo, tushuke moja. Wale wawili wa mwanzo sikuwahi kuwaambia chochote, nilitoweka tu. Wewe wa kwako ulimwambia? Namfahamu mwanangu, anatoweka. Mwambie mtu "hapa hunifai" uone anafanya nini na neno hilo. Hicho nacho ni kikao.

Siku ya kupanda alikuwa sikioni mwangu. Hapa huyu wa kwenye simu anamshinda wa ofisini, maana wa ofisini sidhani kama angepanda na mimi. Kabla sijapanda niliandika nini kitatokea: nitazimia, uhakika asilimia 90. Nikatoa rozari. Akaniuliza taratibu, "Mama, hiyo unasali, au unashikilia kivuko kisizame? Kama unasali, sali. Kama ni hilo la pili, irudishe kwenye mkoba." Nikairudisha. Katikati ya maji mtandao ukakata. Tulikuwa tumeshakubaliana: ukikata, yeye ndiye anayepiga, akikosa mara mbili anatuma ujumbe, mimi naendelea kutazama maji kwa macho yaliyo wazi. Nikatazama. Jasho lilinitoka, magoti yakacheza, mama mmoja akanipa karanga akidhani nina njaa. Sikuzimia. Upande wa pili nikakaa kwenye jiwe nikala karanga zote, nikapanda kurudi. Maksi za mwisho zilikuwa 6.

Ukianza tena, hayo ya mtandao yapange kabla. Picha inakula bando. Mkishazoeana sauti tu inatosha. Unaishi na wenzio wawili na hizo dari zenu zinapitisha kila kitu, kwa hiyo nunua hedifoni, mwambie daktari wako mapema kwamba ukisema "nitakupigia" maana yake kuna mtu kaingia. Mwulize maandishi yake anayaweka wapi na nani mwingine anayaona. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, asikuone mkorofi. Na mpe namba yangu ya kupigiwa ukizidiwa. Hilo yule wa kwenye programu hakukuuliza, na lilinishangaza kuliko Kiingereza chake.

Jambo moja nalisema mara moja tu. Ikifika siku usiku unakuwa mrefu ukaanza kufikiri heri usingekuwepo, usisubiri kikao wala bando. Nipigie saa yoyote, mwamshe mwenzio akupeleke Mirembe, iko hapohapo Dodoma. Watu wanaogopa jina lile. Mimi namwogopa anayeogopa jina.

Hela ya vikao usijali sana kwa sasa. Vikao viwili vyangu vilikuwa vinameza faida ya gunia zima, lakini mbalamwezi ikiisha wavuvi wanarudi majini na nina madeni ya kudai. Vinne vya kwanza nalipa mimi. Mtu wa kuzungumza naye chagua wewe. Hata ukiwauliza watatu maswali ukawakataa wote, sitauliza kwa nini. Huyu wangu nimeshamwuliza kama anaweza kukupokea. Amesema hapendi kutibu mama na binti yake kwa wakati mmoja, ila ana majina ya wenzake wawili, mmoja yuko hukohuko Dodoma. Nayatuma kwenye simu nikishafunga bahasha hii.

Jumamosi naenda Nansio, kwa meli, siyo kwa Bunda. Nimenunua fyekeo jipya, Shija ananicheka kwamba nitakaguliwa nalo bandarini. Mkitaka kunipigia, pigeni kabla sijapanda, maana katikati pale mtandao unakata.

Dagaa wako nimempa kondakta wa basi la Jumatatu, wako kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko mweupe. Waliokauka kwenye chanja; nimewapima mwenyewe. Ndoo irudi.

Mama yako