Kaka, zile zabibu za baba zilikuwa na kazi

Kaka, shikamoo. Mbukwa.

Nakuandikia hapa kwa sababu WhatsApp unasoma halafu unanyamaza, na shangazi amechoka kubeba maneno yetu. Mwingine atakayepita na asome, sina cha kuficha. Najua watoto watakuonyesha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Simonsig. Ni shamba la mvinyo la familia ya akina Malan, liko Koelenhof, kando ya Stellenbosch, si mbali na huku Cape Town. Wenzangu wa kazini walikuwa wanamuaga mmoja wetu, wakasema twende tukaonje shampeni. Mimi nilikubali kwa ajili ya mizabibu. Tangu msiba wa baba nilikuwa sijasimama katikati ya mizabibu, na sababu unaijua: shamba lake la Dodoma umelikata viwanja.

Wenyewe hawauiti shampeni ule mvinyo wao. Jina hilo wameachiwa watu wa Champagne kule Ufaransa. Huku wazalishaji walikutana mwaka 1992 wakaunda chama chao, na mvinyo wanauita Cap Classique. Ila namna ya kuutengeneza ni ile ile: mvinyo unatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa kwa kifuniko kama cha soda, inalazwa gizani. Hamira inaila ile sukari, hewa inayozaliwa haina pa kutokea, inabaki imenywewa humo humo ndani. Binti aliyetutembeza alisema presha ya chupa moja inapita mara mbili ya tairi la gari. Ndiyo maana vioo vyake ni vinene namna ile. Chupa inakaa juu ya mashapo yake mwaka na zaidi, nyingine miaka. Halafu inageuzwa polepole, kichwa chini, mpaka uchafu wote ukusanyike shingoni. Shingo inagandishwa, kifuniko kinatolewa, na presha yenyewe inausukuma ule uchafu nje. Inajazwa kilichopungua, inatiwa kizibo na waya. Chupa moja, kazi yote hiyo.

Nilisimama pale ghalani nikamkumbuka baba na madumu yake ya stoo. Angeuliza maswali mpaka tungefukuzwa.

Sasa sikiliza nilichokuja kukuambia. Mzee wao, Frans Malan, aliutengeneza mvinyo huo mwaka 1971 kwa jina la Kaapse Vonkel. Ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo Afrika Kusini nzima. Na unajua aliutengeneza kwa zabibu gani? Chenin Blanc. Zile zile nyeupe za baba za upande wa korongo. Zabibu za kifahari za Champagne, Chardonnay na Pinot Noir, ziliingia kwenye Kaapse Vonkel baadaye, miaka ya 1980. Yeye alianza na alichokuwa nacho shambani, ambacho huku Cape kila mkulima alikuwa nacho.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo lililoninyima usingizi. Nilimuuliza yule binti wanachuma lini. Akasema zabibu za mvinyo wa mapovu ndizo za kwanza kuchumwa, Januari, kabla sukari haijapanda. Za mvinyo wa kawaida wanazisubiri mpaka sukari ifike 23 au 24 kwa mia. Hizi wanazitaka kwenye 18, 19, zingali na ukali wake, kwa sababu ukali ndio unaoubeba mvinyo, na ile hamira ya kwenye chupa itaongeza kilevi chake yenyewe.

Kaka, unaikumbuka siku ile ya lori? Mnunuzi alitoa kile kipimo chake cha sukari, akakamua tone la zabibu juu ya kioo, akalielekeza juani, akatikisa kichwa. Akasema 18, hazijaiva, siwezi kuzibeba. Baba alikuwa amewahi kuchuma kwa kuogopa ndege na wezi. Kreti zote zikabaki barabarani Mpunguzi, nyuki wakazijaa, na jioni ukamwambia mbele yetu sote, mbele ya mama, kwamba shamba hilo ni kaburi la pesa. Baba hakukujibu. Aliingia ndani na kofia yake mkononi.

Sisemi zile kreti zingegeuka shampeni kesho yake. Kunahitajika mashine, chupa, mtu aliyesomea, na Dodoma si Stellenbosch: wao wana baridi ya bahari, sisi tuna jua. Lakini sisi tuko mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari, usiku wetu una baridi yake, na mizabibu yetu inazaa mara mbili kwa mwaka ukiipogoa vizuri. Wao wanavuna mara moja tu! Zabibu iliyokataliwa kwa kuwa na sukari ndogo ndiyo wenzetu wanaipanga kuipata. Hakuna aliyemwambia baba hivyo, wala mimi sikulijua, na wewe hukutaka kulijua.

Tulionja mvinyo mmoja baada ya mwingine. Brut ya kawaida, yaani isiyo tamu, mapovu madogo madogo yanayopanda kwa mstari mmoja kutoka chini ya glasi, harufu ya tofaa bichi na ya mkate ukitoka tanurini, kisha ukali unaosafisha ulimi wote. Ya waridi, ambayo ndani yake mna Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925. Tamu waliyoiita Satin Nectar, wenzangu waliipenda, mimi nilimpa jirani yangu. Ya mwisho ni Cuvée Royale, ya Chardonnay, iliyolala miaka kadhaa juu ya mashapo. Hiyo sikuimeza haraka. Ilikuwa nzito na tulivu, na nilipotaka kusema kitu sauti ilikwama. Mwenzangu mmoja akadhani imenipanda kichwani.

Haikunipanda kichwani. Nilikuwa nasikiliza habari za wana watatu wa yule mzee. Francois alishika mizabibu, Johan akashika utengenezaji wa mvinyo, Pieter akashika kuuza. Sasa wamo mpaka wajukuu. Baba yetu naye alikuwa na watoto watatu, na alitugawia kazi kwa mdomo wake, siku ile ya Pasaka, wewe ukiwa na mkasi wa kupogolea mkononi. Ulimwitikia "ndiyo baba." Nilikusikia.

Kwa hiyo uniache niseme hili mara moja, nisilirudie tena. Asubuhi baada ya kuanua tanga, turubai lilikuwa bado liko juu, masufuria ya kuazima hayajarudishwa kwa wenyewe. Nilikwenda shambani peke yangu ili nilie bila kutazamwa. Nikakukuta na mpima ardhi. Vigingi vimeshapigwa rangi nyekundu. Ulikuwa umevaa buti za baba, una koleo, unakata waya wa kwenye nguzo na kuukunja uuze kwa kilo. Waya ule baba aliununua roli moja moja, kila mavuno, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia upande wa pili akiukaza. Ulipokata, safu nzima ililala chini na majani yake na vishada vyake vichanga. Uliniona. Ukaendelea na safu iliyofuata. Nilipokuuliza ukasema, "Wewe umeolewa, haya hayakuhusu."

Hata barua ya usimamizi wa mirathi ulikuwa hujaipata bado.

Najua utakavyojibu, kwa hiyo nikujibu kabisa. Utasema wale ni Makaburu, ardhi yao waliipataje. Kweli, na nililiwaza jambo hilo siku nzima. Mashamba ya Cape yalijengwa na watumwa, wengine wametolewa Msumbiji na Madagaska, na hata baada ya utumwa vibarua walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo, ulevi ukaharibu vizazi. Sikwenda kuwasujudia. Lakini hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shamba letu halikunyang'anywa mtu. Babu alifyeka mwenyewe, baba akapanda mwenyewe kwa miche aliyopewa misheni. Tulikuwa na ardhi isiyo na laana ya mtu yeyote, tukaikata viwanja vya ishirini kwa ishirini.

Utasema soko halipo. Sawa, lilikuwa gumu, nimeona kreti zikioza. Lakini mwaka ule ule wa 1971 Frans Malan na wakulima wenzake wawili ndio walioanzisha njia ya mvinyo ya Stellenbosch, mgeni apite shamba hadi shamba, aonje, anunue mlangoni kwa mkulima. Mnunuzi hakuwafuata na lori, waliwaita wateja waje. Na Dodoma ya leo, tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, imejaa watu wenye mishahara na wageni wa Bunge wanaoulizana Jumamosi waende wapi. Wateja wamekuja mpaka mlangoni kwetu, na sisi tumewauzia mlango.

Na utasema sikuwepo. Hilo ndilo unalolisema kwa kila mtu, hata kanisani umelisema. Niko mbali kwa sababu kazi iko mbali. Dawa ya ukungu ya kila msimu ilitoka kwenye mshahara wangu, wewe ndiye uliyekuwa ukiipokea kwenye simu yako. Bili ya hospitali ya baba ya mwisho, uliza shangazi nani aliilipa. Nilipokwambia tuchimbe kisima ulisema tusubiri mvua. Nilipotaka kumtuma mwanao asome habari za mvinyo ulisema asome uhasibu. Sikuliacha shamba hata siku moja, nililihudumia kwa njia niliyoiweza, na mwanamke aliyeolewa hajafutwa kwenye tumbo lililomzaa.

Hata hivyo wewe ni kaka yangu. Ulinibeba mgongoni kuvuka korongo mvua zikinyesha, ukauza baiskeli yako nipate sare ya sekondari. Nilinunua chupa moja ya Kaapse Vonkel, ya Brut, na mwanzoni nilitaka nikuletee tuifungue pamoja. Sijui kama nitaileta. Itategemea utakachofanya baada ya kusoma hapa.

Shangazi ameniambia ile eka ya chini bado haijauzwa, upande wa zile nyeupe, na kwamba nguzo zake zimesimama. Ameniambia pia kuna mtu anakuja na pesa taslimu mwisho wa mwezi huu, na mwenyekiti wa mtaa ameshaandaliwa. Kaka, msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Mimi na mdogo wetu hatujasaini popote na hatutasaini. Nimeshamwandikia mdogo wetu, yuko tayari kwenda Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi, lakini nimemwomba asubiri jibu lako.

Mpigie yule mtu umwambie hapana. Mwite Masaka aliyekuwa akimsaidia baba, aipogoe ile eka kabla matawi hayajazeeka, nitamtumia ujira wake moja kwa moja. Mwambie asiichome ile mizabibu iliyolala, baadhi inaweza kuchipua kwenye shina. Mimi nakuja Desemba na sifikii kwako safari hii, nafikia kwa shangazi. Njoo pale, na uje na hati.