Wasanii, wekeni mkasi chini kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachoraji, hasa wanaonunua kanga kuukuu na kuzibandika kwenye kanvasi. Siku ya maonyesho kazi hizo hupendeza. Zikipitiwa na masika mawili hapa pwani huvimba, hutoa madoa ya njano, na kanga iliyokaa sandukuni nusu karne bila kasoro inakuwa imekwisha kazi.

Kanga hupotea kwa mkasi kabla ya gundi. Ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Anayekata robo kwa sababu amependa ua la pembeni anatupa jina, na mara nyingi anatupa pamoja nalo maandishi ya mwenye nakshi. Kwa mfano, kanga za Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, hujulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Jina lililoandikwa kwa hati za Kiarabu nalo kwa kawaida huashiria kanga kongwe kuliko yenye hati za Kirumi. Ukishakata, umebaki na tambara zuri lisilo na tarehe. Kwa hiyo itandike kwanza, upige picha yote mbele na nyuma, kisha jina na ukingo kwa karibu. Kama umepata doti kamili, yaani kanga mbili za nakshi moja, moja iache nzima. Nakshi ni ileile, hupungukiwi kitu.

Halafu hakikisha ni pamba. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome: wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Wauzaji wengine huziloweka kanga mpya kwenye chai ya rangi zionekane za kale. Uzi huo mmoja hauwezi kukwambia umri, lakini ukiganda kama shanga, mashaka yanaanza hapo.

Sasa maji. Usizamishe kanga ya zamani kabla ya kujaribu kila rangi peke yake. Dondosha tone upande wa nyuma, subiri dakika tano, kandamiza kwa kitambaa cheupe. Rudia kwa maji yenye sabuni, maana kuna rangi inayovumilia maji matupu na kuachia ikikutana na sabuni. Nyekundu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ikiachia hata kidogo, usifue. Pangusa vumbi kwa brashi laini basi. Isipoachia, tumia beseni pana, maji vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Usisugue, usikamue. Dawa ya klorini itaondoa doa na kula nyuzi palepale, hata kama tundu litaonekana miezi sita baadaye. Suuza mpaka maji yatoke safi, kwani kanji iliyobaki ndiyo karamu ya mende na chanzo cha ukungu. Kausha kivulini, ikiwa imelala juu ya chandarua.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo mkosaji mkuu. Kanga isiyofuliwa ina kanji, kwa hiyo gundi hushika kanji badala ya uzi. Unyevu wa gundi huivuta kanga ijikunje huku kanvasi ya chini ikijikunja kwa kipimo chake, ndipo malengelenge yanapotokea. Baadaye gundi hugeuka njano, hukakamaa, na hakuna fundi atakayeibandua bila kuondoka na nyuzi. Shona. Chukua merikani, kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, isiyo na kanji, ifue na kuipiga pasi, uitandike nyuma ya kanga nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) zikielekea upande mmoja na za kanga, kisha piga bandi legevu, yaani mishono mirefu ya mkono, kwa uzi wa pamba, mistari ikiachana sentimita 15 hadi 20. Ukiitaka kwenye fremu, vuta merikani, usivute kanga. Anza katikati ya kila upande uelekee pembeni. Ukianzia pembe, pindo litapinda kama upinde na halitanyooka tena. Pini za kawaida hupata kutu haraka kwa hewa ya bahari, tafuta za chuma kisichoshika kutu.

Wanaopaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kanga wajue kuwa mafuta ya kitani huozesha pamba. Kwanza ipake tabaka mbili nyembamba za akriliki isiyo na rangi, kila moja ikauke vizuri. Nakshi itaonekana, na mafuta hayatafika kwenye uzi. Lakini hapo umeshaifunga kanga ndani ya plastiki daima, basi usiifanyie hivyo kanga adimu.

Kioo nacho kisiiguse kanga. Acha nafasi ya milimita 5 au zaidi, la sivyo jasho la kioo litaleta ukungu. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwangaza), kiwango ambacho makumbusho hutumia kwa nguo.

Na je, ni lazima kanga yenyewe iwemo kwenye kazi? Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 ambaye mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na mshindi wa tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, ameichora kanga kwa brashi. Mwaka 2019 alichora hata juu ya vipande vya chuma, akaviita leso za chuma: pindo pembeni, kifaa cha kazi katikati, na maneno yaliyotokana na maelekezo ya usalama kazini. Amechukua muundo wa kanga, na sandukuni hapakupungua hata moja.

Anayetaka kufuata njia hiyo ahesabu marudio ya nakshi kwenye pindo kabla ya kuchora. Apime pande zote nne, asidhani zinalingana, na aanzie pembe zote mbili akielekea katikati. Wengi huanzia upande mmoja wakamaliza na nusu ya nakshi ya korosho.

Ombi kwako, Mhariri: mkichapisha picha ya kazi ya namna hii, maelezo yataje jina la kanga kama lilivyoandikwa. "Kitambaa cha Kiafrika" hakimsaidii msomaji anayetaka kujua kilichokatwa kilikuwa kinasema nini.

Mhifadhi wa nguo za kale,
Mji Mkongwe, Zanzibar