Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ari ya Masomo ya Wanafunzi Wetu wa Uzamili

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililoishughulisha kamati mwaka mzima: wanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha wanaomaliza masomo ya darasani kwa bidii, kisha wakakwama kwenye tasnifu.

Wengi wao ni walimu wanaofundisha Molo, Njoro au Gilgil siku za juma, na Jumamosi huja masomoni Nakuru mjini. Baadhi hukiri kwamba walijiunga wakitumaini kupandishwa cheo, wengine kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaka mshauri nasaha asajiliwe kabla ya kutoa huduma. Sisi wakongwe tulizoea kuwalaumu kwa hilo, mimi nimeacha. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, katika nadharia yao ya kujiamulia, wanaeleza kwamba sababu iliyotoka nje yaweza kuota mizizi moyoni, mradi mtu ajione ana kauli katika kazi yake, anaimudu, na ana watu wanaomjali. Kwenye mafunzo ya vitendo mwanafunzi huyapata hayo yote: huketi na mzazi aliyefiwa, akamwona juma baada ya juma akianza tena kula na kulala, na msimamizi yupo wa kumsikiliza. Kwenye tasnifu hali hugeuka. Mara nyingi mada husukumwa na mtu mwingine, rasimu hukaa miezi bila kusomwa, naye hubaki peke yake usiku, madaftari ya kidato cha tatu yakimsubiri kusahihishwa.

Ndiyo maana tuliondoa zawadi ya fedha kwa anayemaliza kwanza. Mwaka 1971 Deci aliwalipa wanafunzi kwa kutegua mafumbo, na malipo yalipokoma hamu yao ikapungua. Fedha hizo sasa hugharimia ukumbi na chai ya vikundi vya uandishi, ambamo watu wanne au watano husomeana rasimu. Wapo waliopinga uamuzi huu, na hoja zao nimezisikia, ila nilipomwona mwenzetu aliyekuwa amekata tamaa akirudi na sura ya tatu ya tasnifu yake, niliridhika kwamba hatukukosea.

Vikundi vimezidi wasomaji. Naomba kila mwanachama mwenye shahada ya uzamili achukue mwanafunzi mmoja, asome rasimu yake na kumjibu ndani ya majuma mawili. Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu.

Wenu katika huduma,
Mwenyekiti