Mapigo 143 au 158: kwa nini vipimo vya moyo wa mtoto tumboni hupishana

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alitandaza karatasi mbili juu ya meza yetu. Moja ilisoma mapigo 143, nyingine 158, zote za siku moja. "Sasa nishike lipi?" akauliza, mkono haujatoka tumboni.

Tulimwambia ashike yote mawili. Kwa mimba yake, mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida, tena mtoto akicheza hupanda, akilala hushuka. Lakini hatukutaka kuishia hapo, kwa sababu tofauti nyingine huletwa na sisi wapimaji.

Kwenye skrini ya ultrasound, moyo hujichora kama mawimbi. Mpimaji huweka alama kwenye kilele kimoja, kisha kwenye kinachofuata, na mashine hupiga hesabu. Moyo wenye mapigo 150 hutumia sekunde 0.40 kwa kila pigo. Alama ikikosewa kwa sekunde 0.02 tu, jibu linakuwa 143 au 158. Ndizo zile karatasi mbili! Ukipima mapigo mawili kwa pamoja, kosa hilohilo linakupa 146 au 154. Na mashine iliyopangwa kuhesabu mapigo mawili, ukiipimia moja, itakutolea namba maradufu na kumtia mama hofu ya bure. Kwa hiyo hapa kwetu tunasubiri mtoto atulie, tunapima mara tatu, na zote tatu tunaziandika. Foleni inachelewa, tunajua. Tuvumilieni.

Linalotuuma zaidi ni mimba changa. Mama anaambiwa moyo haupigi, anatoka analia, na kumbe hesabu ya hedhi ilipishana kwa siku chache tu. Kiinitete, yaani mtoto angali mdogo kabisa, kikiwa chini ya milimita 7 kwa kipimo cha njia ya uke, kutoona mapigo si jibu bado. Hurudiwa baada ya siku 7 au zaidi. Ukipewa habari hiyo, uliza: "Kina milimita ngapi?" Una haki ya kujua.

Wapo waliorudi baada ya wiki wakakiona kile kinukta kikichezacheza kwenye skrini. Wapo ambao hakikucheza, tukafunga mlango tukakaa nao mpaka wakawa tayari kutoka. Kipimo hicho cha kurudia hatukitozi. Njoo na karatasi ya kwanza, hata kama si yetu.