Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, isipokuwa Februari kwa sababu ya theluji. Pikiniki mliila wenyewe. Kabati la vitabu limepatikana.

Nije kwenye lile lililofanya nipigiwe simu hadi usiku. Katika mfululizo wetu wa wanawake wenyeji waliotawala makabila yao hapa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, Waingereza walipoingia, ni kweli mimi ndiye niliyeamua Awashonks wa Wasakonnet apewe jioni nzima. Kwa Weetamoo wa Wapocasset hakuna aliyenung'unika. Aliungana na shemeji yake Metacom, mkuu wa Wawampanoag, katika vita vya 1675 dhidi ya Waingereza, akafa maji mtoni Taunton Agosti 1676, na Waingereza wakakitundika kichwa chake juu ya mti. Huyo shujaa. Awashonks mkamwita msaliti.

Waliosema hivyo wengi hawakuwepo. Wangekuja wangesikia kwamba Metacom alimtishia: usipojiunga nami vitani, natuma watu wavuke mto, waue ng'ombe wa Waingereza na kuchoma nyumba zao, lawama zikuangukie wewe. Na Waingereza wa koloni la Plymouth nao walikwisha kumtilisha sahihi makubaliano tangu 1671. Angekimbilia wapi? Mwaka 1676 alifanya amani na Benjamin Church, kapteni wa Waingereza, naye Church ilimbidi kwanza ainywe mwenyewe ile pombe aliyoileta, maana mama alihofia sumu. Baada ya hapo wapiganaji wa Awashonks walimsaidia Church kumsaka Metacom. Hilo sikulificha, nililitamka kabla hata chai haijamiminwa. Jioni ile narudia kuitetea.

Wapo wanaouliza kwa nini si Mekatilili. Mekatilili wa Kenya, aliyepelekwa na Waingereza uhamishoni Kisii akatoroka, akarudi kwao Giriama, pwani, kwa miguu, mada yake niliiandaa mimi mwaka juzi. Tulikuwa watu 11, pamoja na mtoto wangu.

Kuhusu fedha: wanachama 64, waliolipa ada 23, makusanyo dola 690. Basi la kwenda Little Compton, ilikokuwa nchi ya Awashonks, lilitugharimu dola 775. Hizo 85 zilitoka mfukoni mwangu, wala sizidai. Viti 15 vilikwenda na kurudi vitupu. Waliojiandikisha wanajijua.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kumsoma Cockacoeske, mtawala wa kabila la Wapamunkey, na mkataba wake wa 1677 na Waingereza kule Virginia, ukumbi ukipatikana. Mweka hazina amekaa mlangoni, na kitabu cha risiti anacho.

Mwenyekiti