Dawa ya Siddha haitolewi kwa kuuliza tu "unaumwa wapi?"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dawa za Kihindi zinazouzwa hapa Mombasa kwa jina la Siddha, tiba ya kale ya kusini mwa India, aghalabu na watu ambao elimu yenyewe hawajaigusa. Sina ugomvi nazo kwa kuwa ni za Kihindi wala kwa kuwa ni za kale. Sisi wa pwani tumelelewa na tangawizi, habasoda na mwarobaini, na mwarobaini wenyewe ulitufikia kutoka huko huko Bara Hindi. Ugomvi wangu ni kwamba kinachouzwa ni nusu ya tiba, tena nusu ya mwisho, na ile ya kwanza, yaani kumpima mgonjwa, haikupakiwa melini.

Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliingia katika duka moja mjini kwa sababu ya magoti. Aliyekuwa nyuma ya meza alimwuliza, "Unaumwa wapi, mama?" Akajibu, "Magoti, mwanangu, hata kusujudu siwezi." Mazungumzo yakaishia hapo. Akapewa kichupa cha plastiki chenye unga mwekundu kama vumbi la matofali, akaambiwa alambe kidogo na asali asubuhi na jioni. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemtazama ulimi, wala hakuna aliyemwuliza kama anameza dawa nyingine, ilhali shangazi ana kisukari na shinikizo la damu na vidonge vyake huvibeba katika pochi ile ile aliyotolea pesa. Baada ya wiki tatu tumbo lilimchafuka na hamu ya chakula ikamwisha. Sisemi kwamba unga ule ndio uliomdhuru. Nasema kwamba kwa jinsi alivyouziwa, hakuna mtu, hata muuzaji mwenyewe, ambaye angeweza kujua.

Jambo hili limeniuma zaidi kwa sababu nimewahi kuiona Siddha ikifanywa kwao. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka kakangu Chennai kwa upasuaji wa moyo, kama wengi wetu tunavyofanya, na siku za kungoja zikawa nyingi. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa na maumivu ya mgongo na asubuhi moja nikaandamana naye hadi kwa vaithiyar, ndiye tabibu wa Siddha kwa Kitamil. Alikwenda kabla ya kula chochote, akiwa na mkojo wake wa alfajiri katika chombo cha kioo. Mzee yule alichovya kijiti katika mafuta ya simsim, akadondosha tone moja juu ya mkojo, akakiweka chombo penye mwanga na kulitazama tone pasipo kulitikisa. Nilielezwa kwamba tone likijinyoosha kama nyoka, upepo wa mwilini ndio uliozidi. Likifanya duara kama pete, ni nyongo. Likibaki limejikusanya kama lulu, ni belghamu, yaani makohozi. Kisha akamshika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole vitatu, akanyamaza kwa muda ambao mimi, niliyezoea zahanati zetu, niliuona mrefu mno.

Siddha ni tiba ya Watamil wa kusini mwa India, nao huinasibisha na wahenga 18 waitwao Siddhar, ambao mkuu wao ni Agathiyar. Msingi wake ni nguvu tatu za mwili: vatham, pitham na kapam. Msomaji wa pwani asitishwe na majina hayo, kwani ndio upepo, nyongo na belghamu niliyotangulia kuyataja, na wazee wetu waliosoma utabibu kwa Kiarabu walizungumzia safura, yaani nyongo, na belghamu kwa maana iliyo karibu sana na hiyo. Ugonjwa, kwa Siddha, ni nguvu hizo kutoka katika kipimo chake, na kazi ya tabibu ni kujua ni ipi iliyotoka, na kwa kiasi gani, kabla ya kufikiria dawa. Kwa hiyo wameweka vipimo vinane: mshipa, mguso wa mwili, ulimi, rangi ya ngozi, sauti, macho, choo na mkojo. Katika mshipa, kidole cha shahada husikiliza vatham, cha kati pitham, na cha pete kapam, na kwa mwenye afya mapigo hayo hutakiwa yawe kwa uwiano wa moja, nusu na robo. Wanasema vatham hutembea kama kuku au tausi, pitham kama kobe au ruba, na kapam huruka kama chura. Nilicheka nilipoelezwa, lakini yule mzee hakucheka.

Umri nao huhesabiwa. Siddha hugawa maisha kwa mathuluthi: utotoni hutawala vatham, utu uzima pitham, na uzeeni kapam. Ayurveda, tiba nyingine ya kale ya Kihindi, ambayo dawa zake hupangwa katika rafu hizo hizo za Mombasa, hupanga kinyume, belghamu utotoni na upepo uzeeni. Basi mwili wa shangazi yangu wa miaka 71 husomwa kwa namna mbili tofauti na elimu hizi mbili, na muuzaji anayezichanganya rafuni na kuziita zote "dawa za Kihindi" hakumsoma kwa mojawapo.

Matibabu yenyewe pia yana mpangilio. Kwa kawaida nguvu iliyozidi hushushwa kwanza: vatham kwa dawa ya kuharisha, pitham kwa kutapisha, kapam kwa dawa ya puani au ya machoni. Ndipo hufuata dawa, na dawa huandamana na miko, neno ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa, ila kwamba miko ya Siddha hutegemea maradhi na dawa iliyotolewa, na mgonjwa asipoifuata tabibu huhesabu kwamba hakutibiwa. Watamil wana msemo wa kitabibu usemao: tazama mizizi, tazama majani, na hali ikizidi, polepole, polepole, ndipo utazame parpam na chenduram. Parpam ni majivu meupe ya madini yaliyochomwa na chenduram ni unga mwekundu, na baadhi yake hutengenezwa kwa zebaki. Elimu hiyo inadai kwamba madini husafishwa na kuchomwa hadi yasidhuru, dai ambalo mimi silikubali bila kupimwa maabara, lakini hata tukilikubali, msemo wenyewe unayaweka mwisho kabisa. Shangazi yangu alianzishiwa unga mwekundu siku ya kwanza.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2004 watafiti walichunguza dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na wakakuta 14 kati yake zina madini ya risasi, zebaki au aseniki, ambayo ni sumu. Zile zilikuwa za Ayurveda, lakini njia inayozifikisha dukani ni ile ile.

Najua kuna atakayenijibu kwamba serikali ya jimbo la Tamil Nadu yenyewe hugawa mchemsho wa Siddha uitwao nilavembu kudineer nyakati za homa ya dengi, tena kwa umati, bila kumpima mtu mshipa. Ni kweli, na Mombasa iliyoumizwa na homa ya chikungunya mwaka 2004 na tena 2018 inaelewa kwa nini watu hupanga foleni. Lakini ule ni mchemsho wa mimea tisa inayojulikana, unaotolewa na serikali inayoweza kuulizwa, na uko katika daraja la mizizi na majani. Kichupa kisicho na orodha ya vilivyomo hakiwezi kujificha nyuma yake.

Nchini India anayetaka kuwa tabibu wa Siddha husoma chuoni kwa miaka mitano na nusu, mazoezi ya hospitali yakiwemo, na kuna taasisi ya taifa ya fani hiyo huko Tambaram, Chennai. Kwetu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua tiba za kiasili na mbadala na inataka ziwekewe chombo cha kuzisimamia. Naomba idara ya afya ya kaunti ianze na jambo dogo: kila dawa ya aina hii iwe na orodha ya vilivyomo kwa Kiswahili, na anayeitoa aonyeshe cheti chake ukutani kama mfamasia anavyoonyesha. Na kama yuko hapa Mombasa mtu aliyesomea Siddha kikweli, atuandikie katika ukurasa huu atueleze anavyopima wagonjwa wake, maana yeye ndiye anayeharibiwa jina kwanza.

Kile kichupa cha shangazi ninacho, kimebaki nusu. Ningependa kujua ni maabara gani ya umma inayoweza kupima zebaki ndani yake kwa bei ambayo mwalimu mstaafu anaimudu.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa